Diski moja, majina matatu: historia ya lebo za UMD

 Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, na mada tuliyoleta ni lebo za UMD, yaani zile diski ndogo za PSP zilizofungwa ndani ya ganda la plastiki.

Tulipoitaja mada kwenye kundi, swali la kwanza lilikuwa kali: jamani, mgao umepungua, watu wanawaza kesho watakula nini, nyie mnatuletea gemu? Swali ni la haki, tulijibu mapema. Vitu vingi tunavyotumia vinatufikia vikiwa vimeshatumiwa na wengine, katika nchi ambazo hatujafika. Simu, redio, viatu, mashine za gemu. Risiti haipo, boksi halipo, mwenye kitu wa kwanza hatumjui. Kinachobaki ni maandishi yaliyochapishwa kwenye kitu chenyewe. Anayejua kuyasoma anajua kitu kimetoka wapi, kilitengenezwa kwa ajili ya nani, na kama kitamfaa au la. Asiyejua anatoa hela yake halafu anaambulia plastiki. Kwa hiyo hii ni historia, lakini ni historia inayogusa mfuko.

Mezani kwetu tuna UMD 11 zilizokusanywa kwa wanakikundi: gemu 9 na filamu 2. PSP zinazowaka ni mbili, moja kioo kimepasuka pembeni. Mengi tunayoeleza unaweza kuyahakikisha ukishika diski yako mwenyewe, na ndiyo raha ya historia ya namna hii. Huhitaji maktaba kubwa kuianza.

UMD NI KITU GANI?

PSP ni mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Sony ya Japani. Ken Kutaragi, yule anayeitwa baba wa PlayStation, aliitangaza Mei 2003 kwenye maonyesho ya E3 mjini Los Angeles. Iliingia sokoni Japani tarehe 12 Desemba 2004, Marekani tarehe 24 Machi 2005, na Ulaya tarehe 1 Septemba 2005. Shika hizo tarehe tatu, tutazirudia.

Wakati ule mashine za mkononi zilizoongoza, hasa za Nintendo, zilitumia katriji. Sony wakaja na diski ya kusomwa kwa leza. Kipenyo chake ni milimita 60, nusu ya kipenyo cha CD, lakini ina uwezo wa kubeba hadi gigabaiti 1.8 ikiwa na tabaka mbili. CD ya kawaida inabeba megabaiti 700 hivi. Ili mtoto asiikwaruze, wakaifungia ndani ya ganda. Nyuma kuna tundu ambapo leza inasomea, na tundu hilo halina kifuniko, ndiyo maana vumbi letu linaingia humo kila siku. Mbele kuna plastiki angavu, na ndipo unapoiona lebo: picha, jina la gemu, alama za biashara, na namba.

UMD ni kifupi cha Universal Media Disc. Jina lenyewe linadai kwamba diski hii ni ya ulimwengu mzima. Tutaona kama ni kweli.

Jambo moja la kuelewa mapema: Sony hawakuwahi kuuza UMD tupu za kurekodia. Sote tunazijua zile diski za PlayStation 2 zilizochomwa, zimeandikwa jina la gemu kwa kalamu ya wino mzito, na nusu ya majina yamekosewa. UMD za namna hiyo hukuti. Watu walionakili gemu za PSP waliziweka kwenye memori kadi. Kwa hiyo lebo ya UMD ni kazi ya kiwandani, na kwa mtu wa historia hiyo ni bahati, kwa sababu kila tofauti unayoiona ilikuwa na sababu. Kuna mtu aliamua.

HERUFI NNE

Anza na namba. Kila UMD ya gemu ina herufi nne zikifuatiwa na tarakimu tano. Kwenye meza yetu tuna zinazoanza na ULES, UCES, ULUS, na moja ULJM. Wengi hupita hapo bila kuangalia, kumbe hiyo ndiyo sehemu inayosema mengi kuliko picha.

Herufi ya kwanza, U, ni ya UMD. Ya pili ni C au L. C ina maana gemu ni ya Sony wenyewe, L ina maana ni ya kampuni nyingine iliyopewa leseni na Sony. Ya tatu ni eneo la soko: J ni Japani, U ni Marekani na Kanada, E ni Ulaya, K ni Korea, A ni nchi nyingine za Asia. Ya nne mara nyingi ni S, ila kwenye gemu za Japani utakutana pia na M.

Basi ULES ni gemu ya kampuni nyingine, iliyotolewa kwa soko la Ulaya. UCUS ni gemu ya Sony wenyewe, kwa soko la Marekani. Sony walianza utaratibu wa aina hii tangu PlayStation ya kwanza, ambako utakuta SLUS, SCES na kadhalika.

Mwanakikundi mmoja aliuliza: na herufi ya Afrika ni ipi? Haipo. Tawi la Sony lililosimamia Ulaya ndilo lililosimamia pia Mashariki ya Kati, Afrika na Australia. Kwa upande wa gemu, bara letu lilihesabiwa chini ya E. Ndiyo maana gemu 5 kati ya zile 9 zetu ni za E, ingawa tunajua nyingine zilikuja na ndugu waliotembelea kutoka Ulaya.

Namba hii iko pia ndani ya diski, kwenye data. Hata lebo ikichubuka kabisa, unaweza kuipata. Cheza gemu, hifadhi ulipofika, kisha unganisha PSP na kompyuta. Fungua memori kadi, ingia PSP, halafu SAVEDATA. Utaona folda ambazo majina yake yanaanza na namba ya diski. Tulifanya hivyo kwa UMD moja ambayo plastiki yake ya mbele ilikuwa imebanduka na picha imefutika, tukajua ni ya Marekani ndani ya dakika mbili.

Hapo hapo kuna onyo. Kwa kuwa gemu inatafuta folda yenye namba yake, ukicheza miezi mitatu na diski ya ULUS halafu ukabadilishana na mwenzako mwenye ULES ya gemu ileile, kwa kawaida gemu haitaona ulipoishia. Picha ni ileile, jina ni lilelile, ila safari yako inaanza upya. Kijana mmoja wa kundi letu alisikitika siku nzima kwa sababu hiyo. Angesoma herufi ya tatu kabla ya kubadilishana, asingelia.

JINA LINABADILIKA MPAKANI

Sasa tuje kwenye majina. Japani kuna gemu ya gofu iitwayo Minna no Golf, maana yake gofu ya watu wote. Toleo lake la PSP liliuzwa Japani kwa jina la Minna no Golf Portable. Marekani likaitwa Hot Shots Golf: Open Tee. Ulaya likaitwa Everybody's Golf. Viwanja ni vilevile na mpira ni uleule, ila lebo zina majina matatu. Mtu asiyejua atanunua mbili akidhani ni gemu mbili.

Mfano mwingine ni wa kampuni ya Capcom. Gemu iliyotoka Japani mwaka 2008 kwa jina la Monster Hunter Portable 2nd G ilitoka nje ya Japani mwaka 2009 kwa jina la Monster Hunter Freedom Unite. Kule Japani mfululizo huu ndio uliouza PSP kwa nguvu, watu walikuwa wanakutana wanne wanne kuwinda pamoja. Huku nje jina lilibadilishwa, na ukitafuta kwa jina la Kijapani kwenye orodha ya Marekani hupati kitu.

Kwa nini majina yanabadilika? Wakati mwingine ni lugha tu. Wakati mwingine gemu iliyotangulia kwenye mfululizo ilishauzwa kwa jina fulani katika nchi ile, na mwuzaji anataka wateja wa zamani waitambue. Wakati mwingine ni suala la nani anamiliki haki ya jina katika nchi ipi.

Sisi jambo hili hatuhitaji kufundishwa. Amisi wa Fizi akivuka ziwa, upande wa pili anaandikwa Hamisi. Ramazani anakuwa Ramadhani. Jean anakuwa John kwenye karatasi moja na Yohana kwenye nyingine. Cheti cha shule kinasema hivi, karatasi ya usajili inasema vile, halafu siku ya kuomba nafasi ya masomo kijana anaambiwa athibitishe kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Na mara nyingi anayetakiwa kuthibitisha si aliyeandika.

Watu wanaohifadhi kumbukumbu za diski wana utaratibu ambao tungependa kuuona na kwingine. Hawachagui jina moja na kuyatupa mengine. Wanaandika kila jina kama lilivyochapishwa, herufi kwa herufi, pamoja na nchi na namba, kisha wanaonyesha kwamba haya yote ni kazi moja. Hakuna jina linaloitwa la makosa. Kila jina ni ushahidi wa mahali diski ilipopita.

MUHURI WA UMRI

Angalia tena lebo, au jalada kama unalo. Utaona alama ya umri. Ya Japani ni ya CERO, na siku hizi inatumia herufi: A, B, C, D na Z. Ya Marekani ni ya ESRB, E ni kwa kila mtu, T ni kwa vijana, M ni kwa waliokomaa, miaka 17 na zaidi. Ya Ulaya ni PEGI, yenyewe inataja namba: 3, 7, 12, 16, 18. Ujerumani wana yao, USK.

Ujerumani ndiyo mfano mzuri wa sheria inayobadilisha sura ya lebo. Sheria yao ya kulinda vijana iliyoanza kutumika Aprili 2003 ilitaka alama ya umri iwekwe kwenye jalada na kwenye diski pia. Marekebisho ya mwaka 2008 yakataja hadi ukubwa: kwenye jalada isipungue milimita za mraba 1,200, na kwenye diski isipungue 250.

Tukapiga hesabu, maana tulikuwa na karatasi na kalamu. Duara la DVD lenye kipenyo cha milimita 120 lina eneo la milimita za mraba kama 11,310. Alama ya 250 inachukua sehemu moja kati ya 45. Duara la UMD lenye milimita 60 lina eneo la kama 2,827. Alama ileile inachukua karibu sehemu moja kati ya 11, na hapo hatujatoa tundu la katikati. Yaani mchoraji wa lebo ya UMD ya Ujerumani anapewa nafasi ndogo, halafu sheria inachukua kipande chake mbele ya jina la gemu. Ndiyo maana nakala ya Ujerumani ukiiweka pembeni ya nakala ya nchi nyingine, sura zinatofautiana hata kama gemu ni moja.

CHAPA YA BEI NAFUU, NA ILE ISIYO YA KUUZA

Gemu ikiuza sana, baada ya muda kampuni huirudisha sokoni kwa bei ya chini na kuiwekea chapa mpya. Japani chapa hiyo iliitwa PSP the Best. Marekani iliitwa Greatest Hits. Ulaya iliitwa Platinum, na baadaye ikaja nyingine, PSP Essentials. Kwa mchezaji hakuna hasara, gemu ni ileile na bei imeshuka. Kwa wakusanyaji ni habari nyingine, wengi wanataka toleo la kwanza na wanalipa zaidi kulipata. Kwa hiyo ukiwa na UMD ya zamani isiyo na chapa hizo, pamoja na jalada lake, usikimbilie kuitoa kwa bei ya kutupa.

Kuna pia diski za majaribio na za matangazo, zilizopelekwa madukani au kwa waandishi wa magazeti. Lebo zake husema wazi kwa Kiingereza kwamba si za kuuza. Nyingine zilitolewa ndani ya boksi la mashine, zikaandikwa kwamba haziuzwi peke yake. Tumecheka sana hapa, maana zikifika sokoni kwetu zinauzwa kama nyingine tu, na aliyenunua anagundua nyumbani kwamba gemu inaisha baada ya hatua mbili. Soma kwanza, ndugu.

FILAMU NA KANDA

Tumefika kwenye sehemu inayoumiza mfuko. Sony hawakutaka UMD iwe ya gemu peke yake. Walitaka pia watu wanunue filamu na muziki. Marekani, boksi milioni moja za kwanza za PSP ziliahidiwa kuja na filamu ya Spider-Man 2 ndani yake, kwenye UMD. Filamu za UMD zilianza kwa kasi mwaka 2005. House of Flying Daggers na Resident Evil: Apocalypse zilipita nakala 100,000 kila moja ndani ya miezi michache.

Lakini angalia lebo ya UMD ya filamu: imeandikwa UMD VIDEO, na ina alama ya kanda, namba kuanzia 1 hadi 6. Ramani yake ilifuata ile ya DVD. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya ya Magharibi na Japani ni ya 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo zote ziko kanda ya 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Mashine ya kanda moja haichezi filamu ya kanda nyingine.

Sababu yake ni biashara. Kampuni za filamu huuza haki nchi kwa nchi. Filamu inaweza kuwa imeshatoka kwenye diski Marekani wakati Ulaya ndiyo kwanza inaingia kwenye majumba ya sinema. Kanda iliwekwa ili diski ya huku isiharibu soko la kule.

Kwa mtu anayenunua mashine na diski mahali pamoja, hilo halimsumbui. Kwa mtu anayepata mashine kutoka upande mmoja wa dunia na diski kutoka upande mwingine, ni ukuta. Kati ya filamu zetu 2, moja ni ya kanda ya 1 na mashine zetu zote ni za soko la Ulaya. Haichezi. Tunaishika, tunaiona picha ya mbele, basi. Kabla hujanunua, geuza mashine usome namba ya modeli nyuma yake. Kwenye PSP za kwanza, 1000 ni ya Japani, 1001 ni ya Marekani, 1003 ni ya Uingereza, 1004 ni ya Ulaya bara. Linganisha na kanda iliyo kwenye diski, halafu ndiyo utoe hela.

Hata hivyo, biashara ya filamu za UMD haikudumu. Bei ilikaribia ile ya DVD, wakati DVD unaicheza kwenye runinga na familia nzima, na UMD unaiangalia peke yako kwenye kioo cha inchi 4.3. Mwanzoni mwa 2006 kampuni kubwa za filamu zilishaanza kupunguza au kuacha kabisa. Lebo za UMD VIDEO zikawa kumbukumbu ya ndoto ya muda mfupi.

GEMU BILA KANDA, LAKINI MPAKA UPO

Gemu za PSP, tofauti na filamu, karibu zote hazina kufuli la kanda. ULJM ya Japani inacheza kwenye mashine ya Ulaya bila tatizo, shida ni Kijapani tu. Ni mashine ya kusafiri nayo, haina maana gemu igome ukishuka kwenye ndege.

Hapo ndipo mwaka 2005 ulipoleta mgogoro. Rudi kwenye zile tarehe tatu. Japani walikuwa nayo tangu Desemba 2004, Ulaya wakangoja hadi Septemba 2005, miezi karibu tisa. Kwa kuwa gemu hazina kanda, watu wa Ulaya waliagiza mashine kutoka Asia. Duka mojawapo lililojulikana kwa kuwauzia lilikuwa Lik-Sang la Hong Kong. Sony wakalishtaki. Oktoba 2006 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba kuuza PSP za Asia kwa wateja wa Uingereza kulivunja haki za Sony, na siku chache baadaye Lik-Sang likatangaza kufunga. Duka liliwalaumu Sony. Sony wakajibu kwamba duka halikufika hata kujitetea mahakamani, na kwamba wao walikuwa wakilinda wateja.

Kwa hiyo ndani ya diski hapakuwa na mpaka, na teknolojia iliruhusu. Mpaka uliwekwa kwenye karatasi za mahakama. Tukumbuke hilo tunapoambiwa kwamba kitu hakiwezekani. Tuulize: hakiwezekani kwa sababu ya mashine, au kwa sababu ya mtu aliyeamua?

LEBO MOJA, NDANI TOFAUTI

Mpaka hapa tumeona gemu moja yenye lebo nyingi. Kinyume chake pia kipo, na ndicho kinachofundisha zaidi.

Mwaka 2006 watundu wa programu waligundua tundu ndani ya gemu ya Grand Theft Auto: Liberty City Stories. Kupitia faili la kuhifadhi mchezo waliweza kuendesha programu zao wenyewe kwenye PSP. Nakala zilizotengenezwa baadaye zikazibwa tundu hilo. Jina halikubadilika. Watu wakaanza kusaka nakala za zamani, na wakawa wanachungulia toleo la sasisho la mfumo lililobebwa ndani ya diski, kwa sababu UMD nyingi za gemu hubeba sasisho la mashine pamoja na gemu. Picha ya mbele haikutosha kukwambia umeshika ipi.

Juni 2007 ikawa zamu ya Lumines, gemu ya matofali na muziki iliyotoka pamoja na PSP yenyewe Desemba 2004. Ilipogundulika kwamba nayo ina tundu, mauzo yake kwenye duka la Amazon yaliruka ghafla, gemu ya miaka zaidi ya miwili ikawa inagombaniwa. Sony wakaziba haraka kwa sasisho jipya la mfumo.

Funzo kwa mwandishi wa historia: usiishie kwenye lebo. Lebo ni shahidi wa kwanza tu, na shahidi mmoja hatoshi. Lebo, namba, mwaka wa kutengenezwa, na kilichomo ndani, vyote viulizwe.

PASIPOTI YA UMD

Sasa mwisho wa hadithi ya UMD. Oktoba 2009 Sony walitoa PSP Go, mashine isiyo na sehemu ya kuweka UMD kabisa. Gemu ununue kwenye mtandao. Mwenye UMD zake ishirini akauliza, na mimi je? Hakupewa njia ya kuzihamisha. Desemba 2011 ikaja PlayStation Vita huko Japani, nayo haikuwa na tundu la UMD.

Safari hii Sony walitengeneza mpango wa kuhamisha, na jina lake ni la kweli, hatujalitunga: UMD Passport. Ulikuwa unaweka diski yako kwenye PSP, programu inaisoma, inaiandikisha kwenye akaunti yako, kisha ulikuwa unaruhusiwa kununua nakala ya mtandaoni ya gemu hiyo kwa bei iliyopunguzwa, uicheze kwenye Vita. Mpango ulikuwa Japani tu. Mwanzoni mwa 2012 ilithibitishwa kwamba Marekani hautafika. Diski zenye J zilipata pasipoti. Zenye U na E zilibaki zilipo.

Hatutaongeza maneno mengi hapo, kila msomaji wetu anajua pasipoti ni nini na kuikosa ni nini.

Mwaka 2014 Sony walimaliza kupeleka PSP madukani, soko moja baada ya jingine, baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 70. Julai 2021 wakaondoa uwezo wa kununua kitu kwa kutumia PSP yenyewe. Lakini UMD iliyo mkononi mwako haihitaji ruhusa ya duka. Ukiiweka kwenye mashine nzima, inazunguka. Kile kitu cha zamani, kizito, chenye kelele, ambacho watu walikicheka, kimebaki kikifanya kazi baada ya milango mingine kufungwa.

TUNACHOFANYA, NA TUNACHOOMBA

Tumefungua daftari. Kila UMD inayopita mikononi mwetu tunaiandikia mistari sita: jina kama lilivyochapishwa, namba yote, alama ya umri, kanda kama ni filamu, chapa ya bei nafuu kama ipo, na hali ya ganda. Ganda likipasuka tunaweza kuligundisha au kulibadilisha, maganda tupu huuzwa mtandaoni. Diski yenyewe haibadiliki, namba yake ni ileile. Mstari wa saba tumeuongeza sisi: imefikaje hapa. Kama mwenye diski anapenda kusema anasema, kama hapendi tunaacha wazi. Jina la mwenye diski hatuandiki.

Mstari huo wa saba hautapatikana kwenye orodha yoyote ya Tokyo wala London. Wao wanajua diski ilitoka kiwandani lini na kwa soko gani. Hawajui kwamba ilivuka ziwa kwenye mfuko wa koti, wala kwamba ilichezwa na watoto kumi kwa zamu kwenye mashine moja inayochajiwa kwa sola. Sehemu hiyo ya historia tusipoiandika sisi, hakuna wa kuiandika.

Basi ndugu zetu, mwenye UMD nyumbani aitoe leo, aisome, atuandikie herufi nne na tarakimu tano. Picha ya lebo pia tunapokea, ila msipige picha inayoonyesha karatasi zenu au sura ya mtu. Na kama una UMD yenye K ya Korea au yenye A ya Asia, tunakusubiri sana, maana hizo mbili bado hatujazishika. Zamu ijayo ni ya wenzetu wa kundi la redio.